Mtamba Niliyemjengea Banda

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeingia fainali! Mimi, Adelgunda wa Chonyonyo, niliyejifunza sataranji mwezi wa tatu tu! Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kimepewa mtamba mwenye mimba na mradi wa mifugo. Tukagombana sana nani amchukue. Mwalimu Egbert, aliyetufundisha mchezo, akasema tumshindanie. Mume wangu Desderius ameshamaliza kujenga banda. Mtamba nimempa jina: Furaha. Majirani watatu nimewaahidi maziwa.

Mpinzani wangu ni Mukandekezi wa Nyakakika. Mpole, sauti ya chini. Nikamuuliza Mwalimu kama huyo mama anajua kucheza. Akasema hajawahi kumwona akishindwa. Hajawahi!

Jumatano, 13 Novemba

Nimepata akili. Nimeomba fainali ichezwe sebuleni kwangu, nipate kuwakirimu wenzangu. Mama Kokwijuka, mwenyekiti wetu, akasema nina moyo mzuri. Ninao.

Sasa, mgeni akiingia nyumba ya huku hupewa kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia kisha ikakaushwa. Hakuna anayeikataa. Basi nimechemsha sufuria nzima na pilipili kichaa, viganja viwili. Mukandekezi atatafuna, atalia, hatajua farasi ni yupi na askari ni yupi. Desderius akauliza mbona jikoni kunamtoa chafya. Nikamwambia ni mvua hizi.

Jumamosi, 16 Novemba

Siamini. Mpaka sasa siusikii ulimi wangu.

Walifika saa nne. Nikapiga goti, nikamwekea Mukandekezi kikapu cha kahawa. Hakunyoosha mkono. Akangoja. Mama Kokwijuka akangoja. Mwalimu akangoja. Ndipo nikakumbuka. Mungu wangu! Mwenyeji ndiye hutafuna kwanza, mgeni aone kwamba hajategewa sumu! Nimefanya hivyo tangu sijajua kufunga kanga, na wiki nzima halikunijia kichwani! Nikatafuna moja. Mama Kokwijuka akanitania kwamba moja ni uchoyo. Nikatafuna tatu.

Mukandekezi akaniangalia usoni, akasema yeye ameshiba.

Tukaanza. Machozi, kamasi, masikio yanawaka. Kwa vile sikuona vizuri, nilimsogeza mfalme wangu pembeni, nikamzungushia watu wake. Pale hafikiwi na mtu! Akafikiwa. Farasi wa Mukandekezi akamrukia, nikamrudisha konani. Halafu huyo mama akamchukua malkia wake, akamweka ubavuni kabisa mwa mfalme wangu. Bure! Nikacheka kwa sauti, nikamla kwa ngome. Farasi akaruka tena, akamtishia mfalme wangu. Nikatafuta pa kumkimbizia mfalme. Huku ngome yangu. Huku askari wangu. Kila njia nimeiziba mwenyewe! Mwalimu akasema kwisha. Nikasema haiwezekani, malkia wake huyu hapa mkononi mwangu. Akasema ni kweli ninaye, ila mfalme wangu amefia katikati ya watu wake.

Furaha amekwenda Nyakakika. Nimeduwaa mpaka ng'ombe wa jirani akilia naitika.

Jumapili, 17 Novemba

Sikubali. Baada ya ibada nimetumbukiza barua kwenye sanduku la maoni la kikundi, bila jina. Nimeeleza kwamba kahawa ya fainali ilitiwa pilipili, kwamba mchezaji mmoja aliumia vibaya, na kwamba aliyeitia asipewe mtamba, wala ndama, wala tone la maziwa. Watamshuku nani, kama si yule ambaye hakutafuna? Barua kali! Niliisoma mara mbili nikajihurumia.

Jumanne, 19 Novemba

Nimeshtuka, nimeshtuka, nimeshtuka. Mkutano wa kikundi. Mama Kokwijuka akasoma masharti ya mradi, ambayo hakuna aliyewahi kutusomea: ndama jike wa kwanza huenda kwa mshindi wa pili. Mshindi wa pili ni mimi! Nikapiga kigelegele. Nilikuwa bado nakipiga alipofungua sanduku la maoni.

Barua ikasomwa yote. Akina mama wakasema huo ni uchawi kabisa. Waliopiga kura ya kumnyima mtia pilipili walikuwa wote, nami nikanyoosha mkono, ningefanyaje? Kisha Mama Kokwijuka akauliza taratibu kahawa ile ilipikwa jiko la nani. Wanawake ishirini na saba wakanigeukia.

Jumatano, 20 Novemba

Asubuhi Mukandekezi amekuja mwenyewe, kwa miguu, matopeni. Akasema hana kinyongo. Nikisimama Jumamosi mbele ya kikundi nikaomba radhi, atanitetea, na ndama nitapewa. Alipoondoka, Desderius akanisihi nikubali, banda liko tupu na mbao alizibeba yeye.

Kuomba radhi! Mbele ya watu ishirini na saba! Wakati kuna njia rahisi kabisa! Nimeshaandika barua ya pili, kwa mkono wa kushoto wasitambue mwandiko. Inaeleza wazi kwamba pilipili aliitia Desderius.