Namba Yangu Haitajwi Kwenye Foleni

Jumatatu, 11 Mei
Duka kubwa la kona limeanza umbea. Nanunua nyembe na sabuni tu, keshia Ploy ananiuliza namba ya simu ya kuwekea pointi za wateja. Kwa sauti! Foleni nzima imetega masikio, na Jumamosi bahati nasibu inachezeshwa. Niliuza pikipiki nikanunue namba yenye nyota kwa mtabiri, halafu niimwage pale watu wakachezee tarakimu zangu? Thubutu! Nimetaja ya Bunlue. Iko kichwani: ameipaka kwa rangi nyekundu juu ya kibanda chake cha kinyozi, mkabala na changu, tangu aje kuninyang'anya wateja.

Jumanne, 12 Mei
Raha! Bunlue analalamika mtaa mzima kwamba duka linamtumia ujumbe hata akijipumzisha mchana. Nimempa pole. Akili ikanijia. Jumbe zake husomewa na Lamduan, mjane anayeuza kachumbari ya papai, maana jamaa haoni bila miwani. Lamduan huyo nampenda mwaka wa pili sasa na sijasema neno. Haya basi. Nimenunua dawa ya kuficha mvi na dawa ya minyoo. Namba ile ile.

Alhamisi, 14 Mei
Mambo yameharibika. Duka limemshukuru Bunlue kwa kununua dawa ya mvi. Lamduan kasoma, wala hakucheka. Kasema wanaume wanaojitunza ni wachache siku hizi. Na minyoo? Eti anajali afya! Nimerudi dukani na hasira zangu, nikanunua nepi na rangi ya midomo. Sasa ajieleze.

Ijumaa, 15 Mei
Kajieleza. Kasema kompyuta imekosea, akaaminiwa. Baya zaidi, pointi zimejaa! Bunlue kazawadiwa sufuria ya umeme ya kupikia wali, kaipeleka moja kwa moja kwa Lamduan. Jasho ni langu! Ploy ananiambia ningetaja namba yangu sufuria ingekuwa yangu. Mtoto hana adabu yule.

Jumamosi, 16 Mei
Siku ya bahati nasibu, na bahati imekuja yenyewe! Niko kwenye foleni, Lamduan yuko nyuma yangu. Anasema Bunlue kamwalika tamasha la hekaluni jioni, ila yule hujisifu hadi wali unapoa. Angependa kwenda na mimi. Mimi!

"Nipe namba yako, kaka Kamthon. Nikifunga biashara nikupigie uje unichukue."

Lakini nyuma yake kulikuwa na watu wanne, masikio wazi, na bahati nasibu ilikuwa bado haijachezeshwa. Mwenye akili hufanya nini? Nikamtajia ya Bunlue.

Jumapili, 17 Mei
Nilikaa na shati la hariri na nywele nyeusi tii hadi tamasha likaisha. Simu kimya. Leo Ploy kanipa habari: Lamduan alipiga, akapokea Bunlue. Lamduan akasema kama namba niliyompa mimi imemfikisha kwa Bunlue, basi ndiyo majaliwa yake. Wakaenda. Mchana huu wanapika wali. Mwizi wa simu za watu!

Lakini sina hasara. Namba yangu haijatoka mdomoni mwa mtu wiki nzima, wala haijalia hata mara moja. Nyota yote bado imo.

Ploy anasema kuanzia kesho duka litauliza na tarehe ya kuzaliwa. Ya Bunlue nimeshaikariri.