Kufunguliwa kwa Sura ya Tano

Enyi mliokaa, kaeni vizuri. Enyi mliosimama, tafuteni ukuta wa kuegemea. Maana habari ninayoileta ni nzito, ya jemadari wa waandika programu, Mtesa Kibodi, Mnywa Kahawa Iliyopoa, aliyeingia vitani na kisu cha siagi akatoka na vidole vyake vyote.

Jemadari huyu alikuwa na uraibu wa kujalidi vitabu, elimu aliyoichota kwenye video mbili, ya pili hakuimaliza. Timu yao ilikuwa na kitabu kimoja cha falsafa, kinene, kigumu, wakikisoma kwa zamu, kwa kuwa Mkuu wa Timu aliamini kwamba asomaye vitabu vigumu huandika programu zisizoharibika. Kilipochanika mgongo, jemadari akakibeba hadi kwake, akakishona, akakimiminia gundi kwa ukarimu wa kifalme juu ya meza ya kulia.

"Baba watoto, hiyo gundi si imezidi?" akauliza mkewe.

"Mke wangu, ufundi hauna kipimo!"

Kitabu kikazunguka timu nzima, kikarejea. Ikawadia siku ya kikao, na kila mmoja akashuhudia jinsi Sura ya Tano ilivyomgeuza. Dada wa Hifadhidata alisema imemliza. Mzee wa Seva alisema hajalala vizuri tangu aimalize. Jemadari wetu, ambaye hakuwa ameifungua, akawapita wote: akaiita taa ya maisha yake.

"Safi sana," akasema Mkuu. "Hebu tusomee kidogo."

Akafungua. Sura ya Tano haikufunguka. Ilikuwa imegandana yote kwa gundi, ngumu kama tofali, na hapana binadamu aliyeipekua tangu itoke mezani kwake. Jasho likamtiririka, kwani akitaja gundi, jina lake la ufundi limekwisha. Asipoitaja, hana la kusoma. Akawageukia wenzake. Wote walikuwa wanavichunguza viatu vyao kwa bidii ambayo kitabu hakijapata kuiona.

"Nileteeni kisu!" akanguruma.

Kikaletwa cha siagi, kutoka jikoni mwa ofisi. Lo, mapambano! Akapenyeza, akakwangua, akasihi, akatukana kimoyomoyo. Ukurasa ukaachia shingo upande, ukimwachia jirani yake nusu ya pambizo. Akasoma sentensi ya kwanza. Akairudia. Siku zote angetikisa kichwa na kusema hapa pana kina. Leo alichoka.

"Jamani, sijaelewa. Wala sikuwahi kuisoma. Na gundi ni yangu."

Aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Kisha Mkuu akavuta kiti karibu.

"Afadhali umesema wewe. Mimi mwenyewe niliishia dibaji. Rudia hiyo sentensi, taratibu."

Basi wachonga mawe na wachonge, wapiga baragumu na wapulize, vizazi na vizazi vijue: siku hiyo, kabla ya chai, watu sita wenye shahada tisa walielewa sentensi moja, karibu yote.