Kadi Arobaini za Usaili wa Baba

Jumatatu, 4 Machi

Barua imefika. Baba ameitwa kwenye usaili Jumatatu ijayo, saa tatu asubuhi. Kazi ya mtunza stoo, hospitalini. Siku saba kamili.

Hali ilivyo, kwa kumbukumbu. Baba alikuwa mlinzi wa geti la kiwanda cha rangi kwa miaka kumi na saba. Kiwanda kilifungwa miezi miwili iliyopita. Mama anashona sare za shule sebuleni, na cherehani moja haiwezi kubeba watu watatu. Amesema muhula huu ukiisha bila Baba kupata kazi, tutahamia kwa shangazi. Shule ya huko haina maktaba. Ina kabati. Kabati lina kufuli, na ufunguo wake, kwa maelezo ya shangazi, ulipotea yeye mwenyewe akiwa darasa la tano.

Baba hajawahi kufanyiwa usaili. Kazi ya geti aliipata akipita njia. Msimamizi alimwomba amshikie geti kidogo. Akalishika miaka kumi na saba.

Sasa hana geti, kwa hiyo analinda mlango wetu. Anaketi kwenye kiti cha plastiki na daftari, anaandika kila kinachoingia na kutoka, pamoja na saa. Mama katoka, kikapu kitupu. Mama kaingia, kikapu kimejaa, mkononi kijiti cha kuchokonolea meno. Binti katoka, vitabu sita, hana sweta. Mama humtajia anakokwenda bila hata kugeuka. Tumezoea.

Nimeamua kumwandaa Baba mwenyewe. Kuongea na watu siwezi. Darasani nalijua jibu, nasubiri nafasi, nafasi inapita. Ila kwenye karatasi mimi ni mtu mwingine.

Jumanne, 5 Machi

Maktaba ya shule ina kitabu kimoja tu kuhusu usaili. Kinene, jalada la kijani, mhuri mwekundu: HAKITOKI MAKTABANI. Nilitaka kumwomba mkutubi aniazime kwa wiki moja, kwa sababu maalumu. Nilisimama mbele ya meza yake muda mrefu. Akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nilikuwa naangalia saa.

Nikakiweka tumboni, chini ya sweta.

Mlangoni mkutubi akaniona nimejikunja, akauliza kama tumbo linauma. Nikasema ndiyo. Akanipeleka kwa nesi wa shule, mkono begani, kwa huruma kubwa. Nesi akataka kulibonyeza tumbo. Nikasema halitaki kuguswa. Akanipa vijiko viwili vya dawa chungu kama nini. Nimekunywa kwa ajili ya familia.

Nyumbani Baba aliangalia saa, akaangalia tumbo langu, akaandika.

Jumatano, 6 Machi

Nimesoma sura zote kumi na moja. Nimekata makasha ya chaki na kutengeneza kadi arobaini: swali mbele, jibu nyuma, mwandiko wangu wa mitihani.

Baba alianza na kadi ya tatu. Udhaifu wako mkubwa ni upi? Jibu: udhaifu wangu ni kujituma kupita kiasi. Akauliza kwa nini awadanganye watu hata hawajamkosea. Udhaifu wake ni magoti. Akiinuka yanalia, kila mtu anasikia.

Nikamweleza kwamba magoti hayamo kitabuni.

Alhamisi, 7 Machi

Binamu amekuja. Tunamwita Meneja kwa sababu anavaa tai hata akienda kuchota maji. Amefanya usaili mara tisa na hajapata kazi hata moja. Amejitolea kumfundisha Baba.

Mafundisho yake yote yako mkononi. Anasema mwombaji ampe mwajiri mkono wa nguvu na asiuachie mpaka mwajiri auachie kwanza. Wakafanya mazoezi. Baba alikuwa mwajiri, lakini hakuna aliyemweleza kwamba yeye ndiye wa kuachia. Wakasimama wameshikana mpaka chai ikapoa.

Nilimnong'oneza Mama kwamba mtu aliyeshindwa mara tisa ni bingwa wa kushindwa tu. Mama alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa.

"Huyu kaenda mara tisa, wewe hujaenda hata mara moja. Aliyeugua na aliyesoma juu ya ugonjwa, nimsikilize nani, mwanangu?"

Swali gumu. Nimeangalia kitabuni. Halimo.

Jumamosi, 9 Machi

Usaili wa majaribio. Mimi mwenyekiti, nyuma ya cherehani. Mama mjumbe, kwa sharti kwamba aendelee na pindo lake.

Baba alibisha hodi, akaingia, akaketi. Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Kabla haijarudi, Baba akaniuliza jina langu, ninatoka wapi, nimekuja kumwona nani, na kama huyo mtu ana habari. Miaka kumi na saba! Mdomo wake unajiendesha wenyewe.

Tukarudia kwa kadi. Kadi ya kumi na mbili ni ya wanaobadilisha kazi: kazi ya zamani ielezwe kwa namna ya kupendeza. Baba huwa anasema, "Nilikuwa nakaa getini." Mimi nimeandika: nilikuwa mratibu wa mienendo ya watu na vyombo vya usafiri. Baba alisoma nusu, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akavua miwani. Mama akasimamisha cherehani kumtazama. Ni mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe.

Sikuwa natania.

Kati ya kadi arobaini ameipenda moja tu, ya thelathini na moja: mwombaji naye awaulize wasaili maswali. Anasema hiyo haina haja ya kukariri.

Jumapili, 10 Machi

Janga! Nimechungulia bahasha ya Baba ya kesho. Kuna barua ya kuitwa, kitambulisho, na daftari la mlangoni. Anataka kwenda nalo! Daftari lenye kikapu cha Mama na kijiti chake cha meno, mbele ya wakubwa wa hospitali.

Baba alipokwenda kuoga nilitoa daftari nikalificha chini ya vitambaa vya Mama. Nikaweka kadi arobaini, nimezifunga kwa uzi wa bluu. Uzito ni karibu uleule. Nimepima kwa mkono.

Kesho atafungua bahasha, ataona kadi, atanishukuru.

Jumatatu, 11 Machi

Shuleni sikusikia kitu. Saa tatu kamili nilikuwa kwenye Hisabati, nikajiuliza swali la kwanza, nikajijibu vizuri sana.

Nimerudi nyumbani mbio. Kadi zilikuwa mezani. Zote arobaini, na uzi wake wa bluu.

Nilisahau jambo moja kuhusu walinzi wa geti. Hawaruhusu mzigo utoke bila kukaguliwa, hata ukiwa wa kwao. Baba alifika mlangoni asubuhi, akajisimamisha, akajipekua. Akakuta kadi, akatafuta daftari lake mpaka kwenye vitambaa, akaandika: "Kadi 40. Hazina kibali. Zimebaki." Akaondoka.

Niliketi sakafuni. Nikaanza kulifikiria lile kabati la kwa shangazi.

Baba alisimulia akiwa amevua viatu. Wasaili walikuwa watatu: matroni, mkuu wa utawala, na mzee wa stoo anayestaafu mwezi huu. Mkono wa Meneja ulikwama kwa mkuu wa utawala. Matroni ndiye aliyewaachanisha. Wakamuuliza udhaifu wake. Akasema magoti. Wakamuuliza alifanya kazi gani. Akasema alikuwa anakaa getini. Nilifunika uso.

Kisha mzee wa stoo akauliza la kwake. Dawa, shuka na glavu zinapotea stoo kila mwezi. Yeye Baba angejuaje nini kimetoka na nani kakitoa? Baba akampa matroni daftari.

Matroni akalisoma kwa sauti. Kikapu. Kijiti. Binamu kaingia na tai, katoka na mkate wetu nusu. Akafika Jumanne: "Saa 10:15. Binti kaingia. Kitabu tumboni. Hakikutangazwa." Matroni akataka kujua kama kitabu hicho kimesharudi. Baba akasema bado, kutoka kwake hakujaandikwa.

Mama alinitazama, akasema kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Mwisho wakamuuliza Baba kama ana swali. Kadi ya thelathini na moja! Aliuliza majina yao, wanatoka idara gani, na kama wangesaini. Wakasaini, wote watatu, katika daftari letu la mlangoni. Mzee wa stoo aliinua macho kwenye saa ya ukutani, akajaza na muda bila kuambiwa.

Majibu Ijumaa. Baba alifunga daftari, akaninyooshea kidole, polepole.

"Kitabu kilichoingia lazima kitoke. Na kitoke mkononi, si tumboni. Kampe mkutubi mwenyewe, umwambie."

Nikaitikia.

Jumanne, 12 Machi

Nilifika mbele ya meza ya mkutubi. Nilikuwa na maneno yote, nimeyaandika kwenye kadi. Akainua kichwa. Nikaangalia saa.

Kitabu kimerudi kwenye rafu yake kwa njia kiliyotokea. Mkutubi aliniona najikunja nikipita. Nesi sasa anasema tatizo langu ni sugu. Vijiko vitatu.

Ijumaa, 15 Machi

Barua ililetwa saa nane mchana. Baba hakuifungua mpaka alipoandika kwamba imeingia.

Ameipata kazi. Anaanza Jumatatu.

Mama alirudi kwenye cherehani na kushona mshono uleule mara mbili, halafu akaufumua. Baba alikwenda nje kukaa kwenye kiti chake. Alikaa muda mrefu kalamu mkononi, ingawa hakuna aliyepita.

Meneja alikuja jioni kudai kwamba ni mkono ndio uliofanya kazi. Nikamweleza, kwa heshima, kwamba ni kadi ya thelathini na moja. Akasema mkuu wa utawala hawezi kuusahau mkono ule. Nikasema hilo sibishi. Tukamwuliza Mama ni nani kati yetu aliye sahihi. Mama akasema wamemwajiri mtu anayeandika ukweli hata mwanawe akiwa ndani yake, na sisi wawili tumpishe afagie.

Ni maoni yake. Hajasoma kitabu.

Jumapili, 17 Machi

Kadi ya arobaini na moja, kutoka sura ya mwisho ninayoikumbuka: jinsi ya kuomba kupandishwa cheo. Kitabu kinashauri mtu asisubiri sana. Juu yake nimeandika ombi fupi, la adabu, kwa matroni, Baba alitoe siku ya kwanza, kabla hawajamzoea.

Nililiweka kwenye mfuko wa koti lake. Nusu saa baadaye nikasoma daftari: "Kadi 1 imeingia mfukoni. Kadi 1 imetoka mfukoni." Sijui alinionaje. Alikuwa amefumba macho.

Baada ya chakula aliniita. Akasema kesho yeye ataandika ya hospitali, na mlango huu hauwezi kukaa bila mtu. Akanipa daftari na kalamu yake iliyofungwa kamba. Nikamwahidi kwamba nitaandika kila kitu.

Jumatatu, 18 Machi

Nanakili kutoka daftari la mlango, mwandiko wangu.

Saa 12:10 asubuhi. Baba katoka. Koti moja, chakula kimoja, viatu jozi moja. Hakuna kadi.

Saa 12:14. Baba karudi, anachechemea. Kavua kiatu cha kulia mwenyewe. Kadi moja imerudi. Kasimama hapa mpaka niandike.

Saa 12:15. Baba katoka.

Saa 12:16. Koti la Baba lina bitana ndani, nalo litarudi jioni. Sindano ziko kwenye mto wa pini wa Mama, na Mama bado amelala.