Mama wa Saa Mbili

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga kwa jirani, upande wa pili wa mabati, na kuku wa Makongeni walikuwa bado wamelala. Maji ya chai yalichemka, redio ikaongea, na Githae kitandani mwake akasikiliza vyote viwili bila kulipia chochote. Redio ikasema kuna kikundi cha akina mama wa Ruiru wanaotengeneza programu za simu. Wameweka akiba kidogo, na sasa wanatafuta mtu wa kuwashika mkono ili kampuni zao zikue.

Githae aliketi. "Mkono ninao," alisema. "Hata miwili."

Hakuwa mvivu, tumpe haki yake. Kufikia saa nne alikuwa Ruiru, ndani ya suti ya kijivu aliyoichukua kwa fundi ili aijaribu, naye alikuwa mkurugenzi wa shirika la kuinua wanawake wa teknolojia. Shirika lenyewe lilikuwa na umri wa saa tano.

Kikundi kilikuwa cha wanawake watatu, Tabby, Auma na Mourine, katika chumba kimoja juu ya duka la misumari. Programu ya Tabby iliwaambia wafugaji wa Theta lori la maziwa limefika wapi, ili wasisimame barabarani na mitungi tangu saa kumi za alfajiri.

"Mtapata milioni mbili," Githae alisema. "Mimi nataka tu ada ya kufungua faili. Elfu hamsini."

Walitazamana. Walikuwa na elfu hamsini hizo tu, na zilikuwa za kulipia kompyuta ya kukodi iliyobeba programu ya Tabby. Zisipolipwa kufikia Ijumaa, programu ingezimwa.

"Tutalipa," Tabby alisema. "Lakini director, sisi tuna desturi moja. Hatufanyi kazi na mtu kabla hatujakunywa chai kwa mama yake."

"Mama yangu?"

"Ama hauna?"

"Ninaye! Tena sana!"

Alikuwa naye kweli. Ila mama huyo alikuwa amemwambia asikanyage kwake mpaka arudi na ng'ombe aliyeondoka naye.

Jioni hiyo Githae alizunguka mtaa wa Landless mpaka akampata Cucu Magdalene, bibi mzee muuza sukuma wiki aliyeishi peke yake.

"Cucu, kesho uwe mama yangu. Saa mbili tu."

"Na baada ya hapo?"

"Unarudi kuwa cucu wa kila mtu."

Wakapatana pakiti mbili za unga na moja ya sukari. Cucu hakuuliza mengi. Mgeni wa mwisho kuingia nyumbani kwake alikuwa amekuja kusoma mita ya maji.

Kesho yake wale watatu walifika kwa Cucu na mafuta ya kupikia, majani ya chai na blanketi jipya. Tabby aliona stuli ya Cucu inayumba, akakunja karatasi ngumu, akaiweka chini ya mguu wa stuli hiyo. Mourine aliosha vikombe bila kuombwa, na cha kwanza akampa Cucu. Auma aliuliza habari za goti. Hakuna aliyekuwa ameuliza habari za goti lile tangu mwaka juzi.

"Director alizaliwa hapa hapa?" Auma akauliza.

"Mimi nilimwona mara ya kwanza hapo mlangoni," Cucu akajibu, na hakuwa amedanganya.

Githae akakohoa. "Mama, turudi kwa ile ada."

"Ada ya nini?"

Tabby akamweleza yote, hata ile Ijumaa. Cucu aliweka kikombe chini polepole.

"Githae. Simama."

"Mama?"

"Simama, mama yako anaongea. Wasichana wamekuja kwangu mikono imejaa. Warudi mitupu? Toa wewe kwanza. Elfu hamsini. Hapa, nikiona."

"Mama, hayo ni mambo ya ofisi..."

"Ama mimi si mama yako?" Cucu akawageukia wageni, kama mtu anayetaka kueleza jambo refu.

Githae akapiga hesabu haraka. Atoe hamsini, waamini, kisha achukue zao na nyingine juu. Kwenye simu alikuwa na pesa za kanisa moja la Juja, ambalo mpaka leo linangoja hema. Akabonyeza. Simu ya Tabby ikalia.

Cucu akapiga ngemi tano, vile vigelegele vya kupokea mtoto wa kiume.

"Sasa, ada yenu," Githae alisema, akipangusa jasho.

"Ada gani tena, director?" Tabby akauliza. "Ukishachanga umekuwa mwanachama. Na mwanachama hatozi mwenzake. Ni sheria yetu."

"Tangu lini?" Mourine akauliza, na Auma akamkanyaga.

Wageni walipokwisha kuagwa, Githae alibaki mlangoni. "Cucu, umenimaliza! Mimi si nilikulipa?"

"Ulinilipa niwe mama. Nimekuwa." Akamtazama, suti inamning'inia mabegani. "Umekula?"

Cucu akafunga viazi vitamu viwili vya moto kwenye gazeti, akamwekea mkononi.

"Wale wasichana wamesema watarudi Jumapili," alisema. "Na wewe uje. Lakini uache hiyo suti kwa mwenyewe. Uje tu, mwanangu, hata ukikuta chai imeisha, nitaweka nyingine."