Kiongozi wa Upande Ule Mwingine

Jumamosi, tarehe 6 mwezi wa tisa

Nimeshindwa tena. Na Modeste. Tena mbele ya watu!

Iko hivi. Kila Jumatano na Jumamosi serkle yetu ya mijadala inakutana katika ukumbi wa parokia, hapa Kadutu. Mimi, Philémon, mwalimu wa historia, ndiye niliyeianzisha. Modeste ni mwalimu wa Kilatini. Amemwoa dada yangu Nsimire, na sasa anataka kuoa na serkle yangu. Uchaguzi wa prezida ni Jumamosi ijayo.

Mada ya leo: Wanazi wa Ujerumani, ni wa kushoto ama wa kuume? Nilisema kushoto. Hoja yangu haikuwa na tundu: chama chao chenyewe kilijiita cha kisosialisti. Jina ni jina! Mtu aliyebatizwa Bonifasi haitikii akiitwa Beatrisi. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikaanza kutabasamu.

Modeste akasimama polepole, anafuta miwani kwa shati, kawaida yake. Akasema eti nchi yetu nayo ina neno Demokratike katika jina. Akaomba mwenye kuiona hiyo demokrasia anyooshe mkono, wa kushoto ama wa kuume, yote mamoja. Ukumbi mzima kicheko! Papa Apollinaire, muzee anayekuja kwetu kwa sababu nyumbani kwake hakuna wa kuongea naye, alicheka mpaka akakohoa. Nilisema kicheko si hoja. Wakacheka zaidi.

Jina ni jina, nashikilia. Ingawa huyu anaitwa Modeste, yaani mnyenyekevu, na unyenyekevu wake haujai kijiko.

Euphrasie, mke wangu, aliniuliza ushindi niliokuwa nautafuta ungepikwa na sombe ama na maharagi. Mwanamke huyu hana itikadi.

Jumapili, tarehe 7

Misa. Tangu mji huu ubadilishe mikono, hata mahubiri yamekuwa mafupi. Padri anasema amani, anatazama mlango, anasema amina. Wenye bunduki wa jana walikimbia, wenye bunduki wa leo wanapita barabarani, na hakuna anayeuliza jirani yake yuko na nani. Neno lenyewe "upande" watu wameliacha. Euphrasie hata kitandani haniambii nisogee upande. Ananiambia nisogee kule.

Mimi sina hofu. Mimi nashughulika na vyama vilivyokufa.

Nimepata mada ya Jumatano: chama kile cha pekee kilichotawala zamani, tulichokichezea ngoma kila asubuhi kabla ya shule. Kushoto ama kuume? Mimi nitashika kushoto. Nina mpango.

Jumatano, tarehe 10

Mpango ulikuwa huu. Anayesema kushoto aketi mabenchi ya kushoto, anayesema kuume aketi ya kuume. Haki tupu. Ila bati la upande wa kuume lina matundu, na mawingu nilikuwa nimeyaona tangu asubuhi. Tena nilimbembeleza Euphrasie alete beseni la sambaza za kukaanga, visamaki vya ziwa letu, liwekwe kushoto. Watu wale bure!

Mvua ikanyesha. Mungu yuko. Watu wote kushoto, midomo inang'aa mafuta. Kuume wakabaki wawili chini ya mwavuli mmoja: Modeste na Papa Apollinaire. Hapo nikamwuliza Apollinaire haoni haya. Yeye ni mtu wa Mumosho, na sikio lolote linalojua Mashi, lugha yetu, linasikia neno la kushoto ndani ya jina lile. Mtu wa Mumosho anaketi kuume! Huo ni usaliti wa jiografia.

Kisha nikafanya kosa. Nilimwita atoe ushuhuda, kwa sababu ujanani aliimba na kucheza kwa ajili ya chama kile. Alisema wimbo wenyewe aliukumbuka: sisi si wa kushoto, si wa kuume, na katikati pia hatuko. Nikamwuliza kwa ukali, basi walikuwa wapi?

Alisema: juu yetu.

Watu wa kushoto wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, wakavuka na sambaza zangu mkononi, wakaketi kwenye maji karibu na muzee. Euphrasie naye akainuka, na beseni! Nilimkumbusha kwamba kuume ni kwa wanaume. Alisema ndiyo sababu kunavuja.

Alhamisi, tarehe 11

Sikulala. Uchaguzi keshokutwa na watu wote wako kwa Modeste. Lazima aonekane mdogo.

Nimechukua karton ya sabuni na mkaa. Nimeandika kwa herufi kubwa: JUMAMOSI, UKUMBI WA PAROKIA, KILA MUTU ACHAGUE UPANDE WAKE! Chini yake: KIONGOZI WA UPANDE ULE MWINGINE, MWALIMU MODESTE. Nilifikiri kuandika "upande wa kuume", nikaona namheshimu mno, kuume kuna harufu ya nguvu. "Ule mwingine" inatosha. Msomaji ataelewa mara moja kwamba kuna upande, halafu kuna ule mwingine. Jina langu sikuliweka. Jua halijitangazi.

Nimeitundika kwenye nguzo, njia panda ya soko, kabla watu hawajajaa. Euphrasie ameona mkaa kwenye vidole vyangu, akauliza, nikamweleza kwa fahari. Amekaa chini. Amesema nirudi nikaitoe sasa hivi, eti ulimi hauna mfupa lakini karton ile ina jina la mutu mwenye watoto. Nimemwambia hajui kampeni.

Ijumaa, tarehe 12

Saa sita nilipita njia panda. Karton hakuna! Nikajua ni Modeste ameiba. Nikaenda kwake nimejaa maneno.

Nilimkuta Nsimire ameketi chini uani, sufuria ya bugali imepinduka kando yake, watoto wamejibanza ukutani. Walikuja watu watatu wenye bunduki, mmoja ameshika karton yangu kwapani. Waliuliza nani ni Modeste, kiongozi wa upande ule mwingine. Alifuta miwani. Aliwaambia ni mambo ya historia. Walisema hiyo historia ataisomea huko. Wakaondoka naye, miguu yake haina viatu.

Nilijishika mlangoni. Nilimwuliza Nsimire kama walitaja ni nani aliyeandika. Alisema hapana. Nikashusha pumzi.

Halafu, njiani, kikanichoma kitu kingine. Wanatafuta kiongozi wa serkle, wanampita mwanzilishi mwenyewe, wanamchukua Modeste? Wakubwa hawa hawajui kazi yao.

Jumamosi, tarehe 13

Uchaguzi. Hakuna aliyekuja ila Papa Apollinaire. Aliketi katikati, mahali pasipo na benchi, juu ya ndoo. Alisema kwa sauti ya chini eti yeye anajua mwandiko wangu, ule mwandiko wa ubaoni, na kwamba ingefaa niende niseme karton ni yangu. Nilisema jambo hili linahitaji uchambuzi. Alisema uchambuzi haumfungulii mfungwa mlango wa kasho.

Nimeahirisha uchaguzi kwa kukosa watu.

Jumapili, tarehe 14

Nsimire alikuja baada ya misa; Euphrasie alikuwa amemwambia karton ni ya nani. Alipiga magoti mbele yangu, mimi kaka yake, nami sikujua niweke macho wapi. Modeste yuko katika kasho ya ofisi ya wale wenye bunduki, kule chini karibu na ziwa. Ana pumu, sote tunajua. Chakula wanapokea, dawa wanarudisha. Chini kule ni maji tupu, aliyetoka jana amesema Modeste anapumua amesimama. Aliomba kitu kimoja tu: niende niseme ni mchezo wa walimu, karton ni yangu, Modeste ni mtu wetu. Sentensi moja, kaka.

Nimeahidi.

Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Modeste ndiye mtu pekee katika mji huu anayesikiliza hoja yangu mpaka mwisho kabla ya kuibomoa. Wengine wanalala. Mama yetu alipokufa ni yeye aliyebeba msalaba kwenye matope yote yale, mvua inampiga, bila kuvaa kofia. Naogopa. Nimelia, Euphrasie akanipa kitambaa.

Jumatatu, tarehe 15

Nimekwenda! Na tai!

Ofisa ni kijana, mpole, macho mekundu ya kukosa usingizi. Karton yangu imeegemea ukuta nyuma ya meza yake. Mwandiko unaonekana vizuri hata kutoka mbali. Alinipa kiti. Akauliza haya ni mambo gani.

Nilianza vizuri, nasema ukweli. Nilimweleza kwamba ni historia, ni vyama vilivyozikwa, kwamba kushoto na kuume ni namna ya wasomi ya kupanga marehemu. Aliweka bic yake ya kuandikia mezani. Alipiga mwayo. Mambo yalikuwa yanakwisha, naapa! Kisha akauliza, kama mtu anayefunga mlango: basi huyu Modeste ni mtu wa upande wako?

Ndiyo. Neno moja. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi.

Lakini wa upande wangu? Modeste? Aliyenicheka juu ya Wanazi, aliyekula sambaza zangu akiwa kuume? Mwanahistoria hasemi uwongo. Nilijibu kwamba hapana, hajawahi kuwa, hata siku moja. Kwamba ni wa upande ule mwingine na ana msimamo wa chuma. Kwamba nimejaribu miaka mingi kumvuta, hata kwa chakula, amekataa. Tena kwamba ana kipaji cha hatari: Jumatano alivusha ukumbi mzima kwenda kwake bila hata kusimama.

Ofisa akachukua bic yake. Aliandika yote. Aliniomba nirudie jambo la ukumbi, nikarudia kwa mapana. Mwishoni aliuliza nani alitengeneza karton. Nilisema ni ya serkle. Akanishika mkono, akaniita mwalimu. Miaka mingi sijasikilizwa vile.

Nimemwambia Nsimire kwamba yamekwenda vizuri sana.

Jumatano, tarehe 17

Wamewatoa watu wa kasho. Lori moja, mchana, watu wamejaa, limeshika njia ya Katana. Nsimire alikimbia nyuma yake mpaka kitenge kikamfunguka. Ofisini wanasema jina hilo hawalijui, hapajawahi kuwa na Modeste. Wengine wanasema wamepelekwa kufundishwa upya. Wengine wanaangalia chini. Dawa yake ya pumu iko bado juu ya kabati kwao.

Nsimire aliniuliza nilimwambia nini yule ofisa. Nilimsimulia neno kwa neno, sina cha kuficha. Alisema eti, kaka, alikuuliza upande wako! Kisha akaingia ndani akafunga mlango kwa komeo.

Nilimsemesha kupitia mbao. Nilieleza tofauti kati ya upande wa kiitikadi na upande wa ukoo. Hakujibu. Huzuni inazuia watu kufuata hoja.

Niliporudi, Euphrasie alikuwa amefunga godoro. Amehamia kwa Nsimire, kusaidia watoto, amesema. Amechukua na beseni. Nilimwuliza nami nitakula nini. Alisema nile historia.

Jumamosi, tarehe 20

Uchaguzi umefanyika. Sheria zetu ziko wazi: mgombea asiyefika hupoteza. Modeste hakufika. Papa Apollinaire alisimama mlangoni tu, akasema hatakuja tena, akanitazama kama mtu anayetazama ajali, akaenda zake. Nikajipigia kura. Mimi ni prezida!

Nilifungua kikao. Mada: ukoloni wa Wabeljiki, kushoto ama kuume? Niliongea kutoka kushoto, vizuri, kwa mifano. Hakuna hata wa kukohoa. Basi nikavuka, nikaketi kuume mahali pake, nikajijibu kama angejibu yeye, polepole, na dhihaka ile yake. Nikakuta kuume kunashinda. Nikasimama haraka. Nilitaka mtu anicheke, yeyote, na hakukuwa na mtu, nikatoka nje.

Nimepitia kwa Nsimire. Hakufungua. Nilimweleza kupitia dirisha kwamba nimechaguliwa. Nilisema nina swali moja tu, kisha nitaondoka: siku ile, ndani ya lori, Modeste alikuwa ameketi wapi?

Nikafikiri amelala. Halafu nikasikia sauti yake, nyembamba, chini ya dirisha. Alisema wenzake walimsogeza kushoto, ukingoni, apate upepo, kwa sababu pumzi ilikuwa inamkata.

Kushoto! Hata bila sambaza! Nilijua iko siku angekubali.

Akirudi, nitamsamehe.