Taa Zangu Hazizimwi

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Nimeponea chupuchupu! Lori la mbao limeng'oa kioo cha pembeni cha gari langu kwenye vumbi la barabara ya Njinjo. Dereva kaapa hakuniona. Probox nzima, hakuiona! Basi kuanzia leo taa za mbele zinawaka mchana kutwa. Jumamosi nambeba bibi harusi, Adija, binti wa dada yangu Saida. Salumu, shemeji yake Saida, anaitamani sana kazi hiyo. Ataisikia kwenye bomba, haipati ng'o!

Jumatano, 10 Septemba
Siku ya vidole. Kila dereva ananifumbia na kunifumbulia vidole: zima taa, zima taa. Sizimi! Bodaboda mmoja kadhani namtonya kuna trafiki mbele, kaingia kwenye mikorosho na pikipiki yake. Wazee wa barazani wakasimama kwa heshima. Magari mawili yakajiunga nyuma yangu polepole, yakidhani ni msafara wa msiba. Nimefika nyumbani na waombolezaji! Saida kanipigia analia, anauliza kafa nani. Kisha kasema nikileta mkosi huo Jumamosi, Adija atabebwa na Salumu. Nikamjibu hata msafara wa harusi huwasha taa mchana. Kakata simu.

Jumamosi, 13 Septemba
Ushindi! Asubuhi Salumu kaja mbio na gari lake ndani ya vumbi, upande wangu kabisa. Kaziona taa, kakwepa. Mwenyewe kamwambia Saida kwamba bila taa zile tungezikwa wote wawili. Saida kanikumbatia, kasema Adija nimbebe mimi.

Nikaegesha mlangoni kwa Saida, taa zinawaka. Salumu kanishauri nizizime, maana gari limesimama. Wivu tu! Hina ya Adija haikukauka mpaka adhuhuri. Akaingia garini, vigelegele, nikazungusha ufunguo. Kimya. Betri imekufa! Adija kaondoka na Salumu, machozi yanamlengalenga. Roho imeniuma kweli. Mimi nimesukumwa na wapishi wa pilau, miiko mikononi.

Jumapili, 14 Septemba
Saida kaniuliza kama nimejifunza. Nimejifunza sana: betri ilikuwa dhaifu. Nimeazima ya trekta. Adija mwenyewe kaniombea nafasi ya mwisho, kesho asubuhi niwapeleke maharusi Lindi. Safari hii simwangushi mtoto wa watu. Gari liko uani, limeoshwa, linang'aa. Taa nimeziwasha tangu mchana, ili betri izoee.