Ombi la Kuletewa Mkaguzi Akae Kwetu Hadi Pasaka

Valea Mierlei,
Desemba

Mheshimiwa Meya,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wote wa nyumbani kwako. Sisi huku wazima kwa kiasi. Samahani kwa mwandiko, nimevaa soksi mikononi.

Mimi ni Toader Lupașcu, mume wa Catinca, wa nyumba ya mwisho kabla ya mto. Tuliomba kuni za serikali, tukanyimwa. Barua yenu inasema: "Chumba kina joto la kutosha. Kaya haistahili msaada." Mheshimiwa, nilicheka mpaka mvuke ukanitoka puani, kisha nikakasirika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ofisi yako ilitutangazia siku ya ukaguzi. Catinca kusikia anakuja mgeni wa serikali, akashika kichwa. "Mtoto wa watu atoke mjini na theluji yote hii, aje kukaa kwenye jokofu? Watatusema mpaka kaburini! Toader, vunja uzio!" Nikavunja uzio. Haukutosha, nikavunja na banda la bata. Bata wenyewe tukawapika, wangelala wapi? Kwa hiyo joto aliloliandika mkaguzi wako, Ndugu Lucian Bejan, si letu. Ni lake, tulimwashia yeye.

2. Ndugu Bejan alifika akitetemeka, maskini. Akavua koti, akavua sweta, akabaki na fulana. Akala ugali na jibini, akala bata, akashushia na pombe ya plamu. Akasema, "Babu, kwako raha jamani! Mimi kwangu nalala na kofia." Kisha akajinyoosha kwenye benchi la kando ya jiko, akakoroma. Catinca akamfunika blanketi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, na alipoondoka wenyeji tukaganda.

3. Majirani walipoona moshi kwenye bomba letu, jambo ambalo huku siku hizi ni la matanga tu, walidhani tuna msiba, wakaja na mishumaa. Walipokuta joto, hakuna aliyekumbuka kuuliza nani kafa. Paraschiva wa jirani akarudi kwake mbio kuchukua sufu yake ya kufuma. Ndugu Bejan alipoamka akawakuta wamejaa, akaandika: "Kaya ina sherehe." Sherehe gani, Mheshimiwa? Watu walikuja kuzika!

4. Tangu siku ile Catinca anakohoa. Usiku anajibana kwangu, kimya, na mwanamke yule si wa kunyamaza. Hapo naogopa. Naogopa kweli.

5. Sasa ombi. Mimi sibishani na muhuri. Muhuri unasema chumba chetu kina joto, na msimu huu kimekuwa na joto siku moja tu, siku aliyokuwemo Ndugu Bejan. Basi kinacholeta joto ni yeye. Kama kuni hamna, naomba tuletewe Ndugu Bejan akae kwetu hadi Pasaka. Kama ana kazi nyingi, tutaridhika na mkaguzi mwingine yeyote, hata wa kodi.

Hilo likishindikana, ukaguzi urudiwe, na safari hii mtu aje bila taarifa, alfajiri, akute maji ya ndoo yameganda humu humu ndani. Akae na koti lake, aandike anachokiona.

Nisalimie wote hapo ofisini, na Ndugu Bejan pia. Hatuna kinyongo naye, kijana alikuwa na njaa.

Ni mimi raia wako mtiifu,
Toader Lupașcu

N.B. Catinca ameisoma barua hii na amewaka. Anasema kumshtukiza mwenyeji ni kumvunjia heshima, na maadamu yeye yu hai hakuna mgeni atakayekaa kwenye baridi nyumbani kwake. Kwa hiyo tafadhali mtutajie siku. Uzio umekwisha, lakini kitanda chetu ni cha mwaloni mkavu, na nimeshaanza kung'oa misumari.